Kusasisha fimwea ya TV, ruta na king'amuzi, na la kufanya kazi ikikwama

Ndani ya kila TV, ruta, king'amuzi na sabufa yenye bluutuu kuna programu iliyoandikwa kwenye chipu ya kumbukumbu. Ndiyo inayokiambia chombo namna ya kuwaka, kuisikia rimoti na kutoa picha. Hiyo ndiyo fimwea. Kuisasisha ni kufuta ya zamani na kuandika mpya pahala pake, na hatari yote imo baina ya kufuta na kuandika: umeme ukikatika hapo, chombo hubaki na nusu ya maagizo yake na hakijui kuamka.

Hata hivyo, makosa mengi hufanyika kabla kitufe hakijabonyezwa. Faili si la chombo kile, flashi ni mbovu, au hakuna aliyetazama uniti za TUKUZA, umeme wa kulipia kabla wa hapa Zanzibar, zimebaki ngapi. Ndiyo maana matayarisho yamepewa nafasi kubwa hapa kuliko kazi yenyewe.

Je, kuna haja?

Ruta isasishwe kila toleo jipya linapotoka, kwa sababu ndiyo mlango wa nyumba unaotazama intaneti, na matoleo mengi huziba mianya ya wezi. TV isasishwe pale programu ya video inapogoma kufunguka, au sauti na picha zinapopishana. King'amuzi cha chaneli za bure kinachofanya kazi vizuri, kiache. Mafaili yake mengi huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp bila ya mtu kujua yametoka wapi, na mabaya humo ni mengi kuliko mazuri.

Kibandiko nyuma ya chombo

Geuza chombo, tafuta kibandiko, kipige picha kwa simu. Kila herufi ina maana yake, hadi ya mwisho. Chukua ruta ya TP-Link iitwayo TL-WR841N: chini ya jina hilo kuna neno Ver na namba. Ver 9 ina chipu ya Qualcomm Atheros na kumbukumbu ya MB 4. Ver 13 ina chipu ya MediaTek na MB 8. Jina ni moja, ndani ni vitu viwili visivyojuana. Ukipata bahati, ruta italikataa faili la mwenzake na kukwambia si sahihi. Usipopata bahati, italikubali.

TV nyingi za hapa zimeingia kutoka Dubai, na nyengine ni mtumba wa Japani au Ulaya. Faili litafutwe kwa namba kamili ya kibandiko, kwenye ukurasa wa kampuni wa soko ambalo TV ile ilitengenezewa, hata kama soko hilo si Tanzania. TV ya Japani ina mambo yake mawili. Kwanza, kipokea chaneli chake ni cha mfumo wa ISDB-T, na matangazo ya dijitali ya hapa yanarushwa kwa DVB-T2. Hakuna fimwea itakayogeuza hilo, maana tofauti imo kwenye chipu. Iunganishe na king'amuzi kwa waya wa HDMI, basi. Pili, imetengenezewa umeme wa volti 100 na soketi yako inatoa 230. Bila ya transfoma ya kushusha umeme haitafika hata kwenye hatua ya kusasishwa.

Faili na flashi

Faili la TV mara nyingi huzidi GB 1, kwa hivyo lipakue kwa bando la usiku au pahala penye Wi-Fi ya kuaminika. Aliye Wete au Micheweni, kule Pemba, anaweza kumwomba mtu wa mjini alipakue, alitie kwenye flashi na aitume kwa boti. Ila lipimwe, kwa sababu faili lililokatika njiani lina jina lile lile la faili zima. Kwenye kompyuta ya Windows fungua Command Prompt uandike:

certutil -hashfile D:\faili.bin SHA256

Pahala pa D:\faili.bin andika herufi ya flashi na jina la faili lako. Utapewa mstari wa herufi na tarakimu 64. Ulinganishe na ule ulioandikwa kwenye ukurasa wa kampuni. Kama kampuni haikuandika, aliyepakua akutumie mstari wake kwa WhatsApp, nawe upime faili flashi ikishafika. Tarakimu moja ikitofautiana, faili hilo halifai, usilitie popote.

Flashi nzuri kwa kazi hii ni ndogo: GB 8 au GB 16, ya USB 2.0, iliyofomatiwa FAT32. Dirisha la kawaida la Format kwenye Windows halikupi FAT32 flashi ikizidi GB 32. Linakupa exFAT na NTFS, na TV nyingi na karibu ving'amuzi vyote vya bei nafuu havisomi mifumo hiyo wakati wa kusasisha. Jihadhari pia na flashi za GB 128 zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Ndani huwa zina GB 8 au chini yake, na zimedanganywa zijitaje kubwa. Faili linaingia bila ya lawama, kumbe kipande cha mwisho hakikuandikwa popote. Programu ndogo ya bure iitwayo H2testw huijaza flashi yote na kuisoma tena, na ingawa huenda ikachukua saa kadhaa, uwongo unajulikana.

Tukiwa hapo hapo, chungulia tundu la USB la TV yenyewe kwa tochi ya simu. Nyumba inayopigwa na upepo wa bahari, iwe Mji Mkongwe, Nungwi au Makangale, vyuma vya tundu hufanya kutu ya kijani. Dalili yake ni flashi kuonekana, kupotea, kisha kuonekana tena ukiigusa kidogo. Kwa kazi ya kawaida utavumilia. Kwa kusasisha, kule kupotea kwa nusu sekunde kunatosha kukwamisha kila kitu katikati. Zima TV, chomoa waya wa umeme, chukua mswaki wa meno uliokatwa uwe mwembamba, uchovye kidogo kwenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, sugua taratibu, uache robo saa pakauke. Usitumie mafuta wala manukato.

Umeme

Umeme wa Unguja na wa Pemba hutoka Bara kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Pemba iliunganishwa kutoka Tanga mwaka 2010, na aliyekuwapo Unguja tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya ulipokufa kwa miezi mitatu, hahitaji kufunzwa kutoiamini swichi ya ukutani. Lakini si kukatika peke yake kunakoua. Umeme unaporudi huja na mruko, na friji au pampu ya maji ikiwaka kwenye ekstensheni moja na ruta, volti huanguka kwa kitambo kifupi ambacho taa ya ukumbini haikioni vizuri lakini chipu inakiona.

Kwa hivyo:

Angalia uniti kwenye mita. Zikiwa chini ya tano, ongeza kwanza.

Chagua saa. Asubuhi baina ya saa 3 na saa 5 ni bora kuliko magharibi, wakati kila nyumba imewasha taa, feni na jiko. Mwezi wa Ramadhani usiguse kabisa karibu na futari. Masika kukiwa na ngurumo, subiri siku nyengine.

Chomeka chombo peke yake ukutani au kwenye UPS (sanduku lenye betri linalobeba chombo umeme ukikatika). TV ya inchi 43 hula wati 60 hadi 100 hivi, na UPS ya VA 650 yenye betri nzima inaibeba kwa muda wa kutosha. Sharti ni hiyo betri nzima, maana UPS nyingi majumbani ni masanduku ya kulia tu. Ipime hivi: chomeka taa ya mezani yenye globu ya wati 60, iache iwake, kisha chomoa UPS ukutani. Taa ikizimika papo hapo au ndani ya dakika mbili, betri imekufa. Ikifika dakika kumi, endelea.

Ruta ni nyepesi zaidi. UPS ndogo ya ruta yenye matundu ya volti 9 na volti 12 inatosha, lakini soma kibandiko cha adapta. TL-WR841N Ver 9 inataka volti 9. Ukiichomeka kwenye tundu la volti 12, au ukaifunga kwenye betri ya pikipiki kwa kuwa umeona ruta ya jirani inafanya kazi hivyo, unacheza kamari.

TV

Ukiwa na intaneti nzuri, njia ya kwenye menyu ndiyo rahisi. Ikiwa bando ni la kubahatisha, tumia flashi, kwani TV nyingine huanza kupakua upya kutoka sifuri kila mtandao unapokatika.

Kila kampuni ina matakwa yake kuhusu pahala pa kuliweka faili. Kwa Samsung, fungua zipu kwenye kompyuta na utie kilichotoka humo mwanzoni mwa flashi, si ndani ya folda uliyoitengeneza wewe; kisha kwenye TV nenda Settings, Support, Software Update, Update Now, uchague USB. Kwa LG, tengeneza folda iitwayo LG_DTV, herufi kubwa na kistari cha chini, utie ndani yake faili linaloishia na epk. Jina la faili lisiguswe. Ukilipakua mara mbili, kompyuta huongeza (1) mwishoni, na hiyo peke yake yatosha TV isilione.

Kabla ya kukubali, chomoa diski na flashi nyengine zote. Kazi ikianza weka rimoti juu ya kabati, mbali na watoto. Kioo kuzimika na TV kujiwasha yenyewe mara mbili au tatu ni kawaida.

TV ikisema hakuna sasisho jipya wakati unajua lipo, kwa kawaida haijaliona faili: folda si yake, flashi si FAT32, au tundu hilo si la kusasishia. Jaribu tundu jengine. Waliotumia kompyuta ya Mac wana sababu yao ya ziada, maana Mac huacha kwenye flashi mafaili yaliyofichika yanayoanza na ._ na TV huyashika hayo kwanza. Yafute ukiwa kwenye Windows.

Ruta

1. Unganisha kompyuta na ruta kwa waya wa netiweki, si kwa Wi-Fi. Wi-Fi ikikatika katikati ya kulipandisha faili, umekatika nayo.

2. Fungua ukurasa wa ruta, kwa kawaida 192.168.0.1 au 192.168.1.1, na uhifadhi nakala ya mipangilio. Piga picha pia ukurasa wa intaneti wenye jina la mtumiaji na nywila ulizopewa na mtoa huduma, au APN (jina la njia ya intaneti ya mtandao wa simu) kama ni ruta ya laini. Nakala ya toleo la zamani wakati mwengine haikubaliki kwenye toleo jipya. Picha haina neno.

3. Zima na uwashe ruta, subiri dakika mbili, kisha panda moja kwa moja kwenye ukurasa wa kusasisha. Ruta yenye kumbukumbu ndogo iliyokaa wiki tatu bila ya kuzimwa huwa imejaa, na faili hukwama.

4. Chagua faili lenyewe la bin, si zipu. Bonyeza, uondoe mkono.

5. Taa zikitulia, hesabu dakika tano zaidi. Kisha irudishe kwenye mipangilio ya kiwandani kwa kitufe cha riseti na uipange upya. Inachosha, lakini ruta inayokata Wi-Fi kila baada ya saa chache baada ya kusasishwa mara nyingi imebeba mipangilio ya zamani isiyoelewana na fimwea mpya.

King'amuzi na simu

King'amuzi cha kulipia hujisasisha kwa dishi. Kazi yako ni kutazama ubora wa mawimbi kabla ya kukubali, na kutokubali mvua ikinyesha. Cha chaneli za bure kina jambo moja la lazima: kabla ya kutia faili jipya, ingia menyu ya USB utafute Dump au Backup, uhifadhi fimwea iliyomo. Faili hilo ndilo dawa pekee ya uhakika endapo jipya litakuwa la bodi (saketi kuu ya ndani) nyengine. Namba ya bodi imechapishwa kwenye saketi ndani ya sanduku. Jina la nje halina maana, kwa sababu sanduku moja huuzwa likiwa na bodi tatu tofauti.

Simu za Android, tangu toleo la 7.0 la mwaka 2016, zinaweza kuwa na nafasi mbili za mfumo. Zilizo nazo huandika mpya kwenye nafasi ya pili huku unaendelea kutumia ya kwanza, na mpya ikishindwa kuwaka, simu hurudi kwenye ya zamani. Si kila simu inazo, hasa za bei ya chini, basi chaji ifike asilimia 50 na zaidi.

iPhone iliyokwama huokolewa na kompyuta. Kwa iPhone 8 na za baadae: bonyeza na uachie kitufe cha kuongeza sauti, bonyeza na uachie cha kupunguza, kisha shikilia cha pembeni hadi itokee picha ya waya na kompyuta. Chagua Update; Restore itakufutia kila kitu. Upakuaji ukizidi dakika 15, simu hutoka yenyewe kwenye hali hiyo, na kwa bando la kwetu itatoka tu. Wengi hapo huchomoa waya na kuanza upya, kisha hurudia hivyo kutwa nzima. Acha kompyuta imalize kupakua, halafu ndiyo uirudishe simu kwenye hali ile kwa vitufe vile vile.

Ikikwama

TV iliyoganda kwenye asilimia ile ile usiiguse kabla ya nusu saa. Taa yake ikiwa bado inapepesa, mpe saa nzima. Ruta dakika 15. Baada ya hapo chomoa umeme, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 ili chaji iliyobaki itoke, subiri dakika moja, chomeka. TV nyingi zitaliona faili kwenye flashi na kuanza tena.

Chombo kisichowasha taa hata moja, mtuhumiwa wa kwanza si fimwea. Tazama adapta. Iliyochoka huonyesha volti 9 kwenye mita ikiwa haijabeba kitu, ukiichomeka kwenye ruta inashuka hadi 6, kwa sababu kapasita ndani imevimba. Azima nyengine yenye volti ile ile, ampea ile ile au zaidi, na ncha yenye chanya na hasi pahala pale pale. Ruta nyingi zilizosemwa zimekufa kwa kusasishwa ziliuliwa adapta na mruko wa umeme uliporudi.

Taa zikiwaka zote bila ya kubadilika, au zikizunguka na kuanza upya kila sekunde chache, hapo fimwea ndiyo iliyoharibika, lakini programu ndogo ya kuwashia ingali hai. Kwa TL-WR841N Ver 9 njia ni hii:

Iwekee kompyuta anwani 192.168.0.66 na kinyago (subnet mask) 255.255.255.0. Zima Wi-Fi ya kompyuta na kinga yake ya mtandao (firewall). Pakua programu ya Tftpd64 uielekeze kwenye folda yenye faili la fimwea, ulilolibadilisha jina liwe wr841nv9_tp_recovery.bin. (Kama jina la asili lina neno boot, usilitumie lilivyo, kwa sababu limebeba pia programu ya kuwashia na litaandikwa pahala pasipo pake.) Waya uingie kwenye tundu la LAN (la kompyuta), si WAN (la intaneti). Zima ruta, shikilia riseti, iwashe huku umeshikilia, uachie baada ya sekunde 10 hivi. Tftpd64 itaonyesha faili likichukuliwa. Baada ya hapo mpe dakika tano.

Isipochukua chochote, mara nyingi ni kwa sababu kompyuta hupoteza muunganisho ruta inapozimwa, na hadi iamke tena ruta imeshachoka kusubiri. Tia swichi ya netiweki baina yao, hata ya matundu matano ya bei ya chini. Kompyuta itaona swichi iko hai wakati wote, na anwani yake haitoki.

Ukifika kwa fundi

Kilichobaki ni cha kufungua sanduku. Nyaya tatu, TX (ya kutuma), RX (ya kupokea) na GND (ya ardhi), za volti 3.3, hufungwa kwenye saketi kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde ili kusoma chombo kinalalamika nini kinapowaka. Waya wa nne, wa umeme, hauunganishwi. Hata hilo likishindikana, chipu ya kumbukumbu huandikwa moja kwa moja kwa kibanio.

Mwambie fundi mambo mawili. Kwanza, asome na kuhifadhi yaliyomo kwenye chipu kabla ya kuandika chochote. Kwenye ruta za Atheros, KB 64 za mwisho zina vipimo vya redio vya ruta ile peke yake, na akizifunika kwa nakala ya ruta nyengine, itawaka vizuri lakini Wi-Fi haitavuka mlango wa chumba. Pili, kiandishi (kifaa cha kuandikia chipu) cha bei nafuu cha CH341A, chenye bodi nyeusi, hupeleka volti 5 kwenye nyaya za data wakati chipu nyingi za ruta ni za 3.3. Apime kwa mita kabla ya kubana.